Saa za Huduma: Mwanafunzi wa Tiba ya Kichina Anamtumikia Nani?

Katika jimbo la California, Marekani, anayetaka leseni ya kutibu kwa sindano na mitishamba ya Kichina hutakiwa na kanuni za jimbo kusoma saa zisizopungua 3,000 kabla ya kuruhusiwa kufanya mtihani. Saa 2,050 ni za darasani na saa 950 ni za kliniki. Juu ya hesabu hiyo baadhi ya shule huongeza sharti jingine: kiasi fulani cha saa za kuitumikia jamii bila malipo, ambazo mwanafunzi asipozitimiza hapewi shahada hata kama amefaulu kila somo. Shule niliyosoma mimi ilikuwa na sharti hilo. Nililitimiza pamoja na wenzangu, wengi wetu kwa shingo upande, na sasa ambapo nina leseni na miaka kadhaa ya kazi nimefikia rai ambayo pengine ningeicheka nilipokuwa mwanafunzi: saa hizo zilizodharauliwa ndizo pekee zilizonikutanisha na mgonjwa ambaye hakuichagua tiba yangu, na shule ikizipanga vibaya hazibaki kuwa chochote zaidi ya karatasi yenye sahihi.

Kanuni zenyewe zinafaa kusomwa kwa makini, kwa sababu mgawanyo wa saa huonyesha kinachothaminiwa. Kati ya saa za darasani, 1,255 ni za nadharia na mbinu za tiba ya Kichina, na ndani yake 450 ni za mitishamba peke yake. Saa 350 ni za sayansi za msingi, 240 ni za uchunguzi wa mgonjwa na utambuzi wa maradhi, 90 ni za ufuatiliaji wa mgonjwa, 45 ni za uendeshaji wa kliniki kama biashara, 40 ni za afya ya jamii, na 30 zilizobaki ni za kujiendeleza kitaaluma. Msomaji ataona kwamba biashara imeizidi afya ya jamii kwa saa tano. Katika hizo 40 mwalimu anatakiwa kupitisha kinga, elimu ya afya, maradhi ya kuambukiza na tiba ya uraibu wa dawa za kulevya, na kwa kuwa hakuna binadamu awezaye kuyafundisha yote hayo kwa saa 40, yaliyo mengi hupita kama mandhari yanavyopita dirishani mwa gari moshi.

Upande wa kliniki kuna kifungu kingine ambacho wanafunzi wachache hukitilia maanani: angalau asilimia 75 ya saa 950 lazima zifanyike katika kliniki inayomilikiwa na kuendeshwa na shule yenyewe. Sababu yake ni njema. Katika saa 275 za mwanzo za kuchunguza na kutibu, msimamizi mwenye leseni anatakiwa awepo hapo hapo wakati wote, na ni vigumu kulihakikisha hilo pale ambapo shule haina mamlaka. Sindano ni sindano. Mbavuni na mgongoni ikizama kupita kiasi hufika kwenye pafu, na hakuna anayetaka mwanafunzi wa mwaka wa pili aligundue hilo peke yake. Lakini kifungu hicho kina matokeo ambayo hayakukusudiwa. Mgonjwa wa kliniki ya shule ni mtu aliyesoma kuhusu tiba ya Kichina, akapiga simu, akapanga miadi, akalipa ada nafuu, akafika akiwa na imani tayari. Alikuja kwa maumivu ya mgongo, kukosa usingizi au mzunguko wa hedhi uliovurugika, na mara nyingi alikuwa amevaa nguo za mazoezi. Nilitibu watu wengi wa aina hiyo na sikuwachukia hata kidogo. Hata hivyo mtu anayekuja na imani hakulazimishi ueleze unachokifanya, wala hakuulizi kwa ukali kama kitamsaidia, na mwanafunzi anaweza kuhitimu akidhani kwamba dunia nzima inamsubiri alale kitandani ili achomwe.

Niliyoyajua mimi kabla ya kufika California yalikuwa tofauti. Nimezaliwa Unguja, na kwetu tiba ya Kichina haikufika kupitia watu wenye fedha na muda. Madaktari wa Kichina walianza kuja Zanzibar mwaka 1964, mwaka ule ule wa Mapinduzi, na tangu hapo jimbo la Jiangsu limekuwa likituma timu kwa zamu katika Hospitali ya Mnazi Mmoja na ile ya Abdulla Mzee kule Mkoani, Pemba. Ni madaktari waliokwisha kuhitimu, wengi wao wapasuaji na mabingwa wa fani za kisasa, wakiwa pamoja na wenzao wa tiba ya sindano. Wazee wetu hawakuona ajabu kubwa, kwani kuumika walikuwa wanakujua tangu zamani, na mtu aliyezoea chuku mgongoni hashtuki sana akiona sindano nyembamba kama unywele. Kwa hiyo nilipompigia simu ami yangu kumweleza kwamba shule inanitaka nitumikie watu bila malipo, yeye hakushangazwa na huduma, alishangazwa na mpangilio. Akaniuliza, "Mwanangu, ada unawalipa, kisha kazi unawafanyia. Sasa hapo mwanafunzi nani na tajiri nani?"

Swali la ami ndilo malalamiko ya wanafunzi wote, na lina uzito. Masomo haya huchukua miaka mitatu hadi minne baada ya elimu ya chuo, ada ni kubwa, na wengi husoma kwa mkopo. Katika darasa langu kulikuwa na waliokuwa wakifanya kazi ya usiku ili wamudu kodi ya nyumba, na wengine walikuwa na watoto wadogo. Kumwambia mtu kama huyo kwamba Jumamosi yake, ambayo ndiyo siku yake moja ya kupumzika, sasa ni ya jamii, kisha kumweleza kwamba lengo ni kumjengea moyo wa huruma, ni jambo la dharau kidogo. Yeye anaijua jamii kuliko anayemhubiria. Anaishi ndani yake.

Uchungu huzidi pale huduma inapokuwa si huduma. Nakumbuka Jumamosi moja tulipopelekwa kwenye maonyesho ya afya katika bustani ya mji. Tulipewa meza, mwavuli, na rundo la vipeperushi vya kliniki ya shule vyenye punguzo la bei kwa mgonjwa mpya. Kwa kuwa kuchoma sindano pale kulikatazwa, kazi yetu ilikuwa kuwaonyesha wapita njia sehemu ya mkono ya kubonyeza ili kutuliza kichwa, kisha kuwapa kipeperushi. Jioni fomu zetu zikatiwa sahihi: huduma kwa jamii. Sikuona aibu kugawa vipeperushi, kwani kila biashara hutangazwa, lakini matangazo yana jina lake na wanaoyafanya hulipwa. Shule nyingi ni taasisi ndogo zinazotegemea ada, na naelewa jinsi kishawishi hicho kinavyoingia. Kuelewa si kukubali.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba shule zinazochukulia huduma kama pambo la mtaala zinasahau namna tiba hii ilivyopata mahali pa kusimama Marekani. Historia inayosimuliwa mara nyingi ni ile ya wakubwa: mwandishi James Reston wa gazeti la New York Times aliyepasuliwa kidole tumbo Beijing mwaka 1971 na kutibiwa maumivu kwa sindano, kisha Rais Nixon akaenda China Februari 1972, na ghafla kila mtu akataka kujua. Historia ya pili husimuliwa kwa haraka, nayo ndiyo inayohusu mada yetu.

Mwaka 1970 Hospitali ya Lincoln, iliyoko kusini mwa Bronx katika jiji la New York, ilikuwa hospitali ya umma iliyochakaa, katikati ya mitaa ya Wapuerto Riko na Wamarekani weusi iliyokuwa imeelemewa na heroini. Mwezi Julai mwaka huo vijana wa Young Lords, kundi la wanaharakati wa Kipuerto Riko, waliteka jengo moja la hospitali hiyo kwa saa kadhaa wakidai huduma bora. Novemba walirudi, safari hii pamoja na wanaharakati wengine na baadhi ya madaktari wa pale pale, wakachukua sehemu ya jengo la makazi ya wauguzi na kuanzisha huduma ya kuwaondoa watu katika uraibu. Mwanzoni walitumia methadoni, dawa inayopewa mraibu badala ya heroini, kwa kupunguza dozi hatua kwa hatua. Wakati huo huo, huko Hong Kong, daktari wa upasuaji wa ubongo aitwaye H. L. Wen alikuwa ametumia sindano zenye umeme kutuliza maumivu ya mgonjwa aliyekuwa mraibu wa kasumba, akaona kwamba dalili za kuacha kasumba nazo zilipungua. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1973. Habari zilipofika Bronx, wahudumu wa Lincoln wakaanza kujifunza. Umeme ukaachwa, sindano zikabaki tano katika kila sikio, sehemu ziitwazo Shen Men, sehemu ya neva za simpathetiki, figo, ini na pafu. Watu hukaa vitini kwa pamoja, kimya, kwa takriban dakika arubaini, wakiwa wamevaa nguo zao zote.

Miongoni mwa waliojifunza na kufundisha pale alikuwa Mutulu Shakur, ambaye wasomaji wengi wa Afrika Mashariki, wapende wasipende, watamjua kwanza kama baba wa kambo wa Tupac. Maisha yake yaliishia njia nyingine, kifungo cha miaka mingi jela na kifo mwaka 2023, na simtaji hapa ili kumtukuza wala kumhukumu. Namtaja kwa sababu yeye na wenzake hawakuwa wanafunzi waliotumwa na shule kwenda kuitumikia jamii. Walikuwa jamii yenyewe iliyokwenda kutafuta elimu. Baadhi yao walikuwa wametoka kwenye uraibu miezi michache tu kabla. Mwaka 1978, chini ya meya Ed Koch, jiji liliwaondoa waendeshaji hao kwa nguvu za polisi, na huduma ikahamishiwa kwenye jengo jingine bila wao. Daktari Michael Smith akaiendeleza kwa miaka mingi, na mwaka 1985 kikaanzishwa chama cha NADA ambacho hufundisha utaratibu huo wa sindano tano kwa mafunzo ya saa 70, thelathini za nadharia na arubaini za vitendo.

Saa 70 kando ya saa 3,000: hapo ndipo ugomvi ulipo hadi leo. Baadhi ya majimbo, New York likiwemo, huruhusu mhudumu aliyepata mafunzo hayo kuchoma masikio chini ya usimamizi katika vituo vya uraibu bila kuwa na leseni kamili. California haijafungua mlango huo. Matabibu wenye leseni husema wanalinda usalama wa mgonjwa, na nusu ya wakati nawaamini. Nusu nyingine naona wanalinda uwanja. Mtu aliyekaa gerezani, akapona uraibu, akajifunza sehemu tano za sikio, ana kitu chumbani mule ambacho mimi mwenye leseni sina, na leseni yangu haiwezi kukizalisha.

Huko China kwenyewe huduma kwa jamii ilikuja kwa njia ya dola, na sura zake mbili ni tofauti sana. Vyuo vinne vya kwanza vya tiba ya Kichina vilifunguliwa mwaka 1956 katika miji ya Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu. Juni 1965 Mao alilalamika kwamba wizara ya afya inawahudumia asilimia 15 tu ya watu, nao ni wa mijini, akataka mkazo uhamie vijijini. Kufikia 1968 jina la madaktari peku lilikuwa limeenea: wakulima vijana waliofundishwa kwa miezi mitatu hadi sita, wakarudi kwao wakiwa na sindano, mitishamba na dawa chache za kisasa, wakiendelea kulima na kulipwa kwa alama za kazi kama wanakijiji wengine. Katikati ya miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya milioni moja. Jumuiya za ujamaa zilipovunjwa, malipo yao yakavunjika nazo, na mwaka 1985 jina hilo likafutwa rasmi. Najua yapo mengi ya kulaumu katika zama zile, ikiwemo ukweli kwamba vyuo vilifungwa na walimu wakadhalilishwa. Lakini katika suala la nani anamtumikia nani, daktari peku hakuhitaji fomu. Mgonjwa wake alikuwa jirani yake, na akimtibu vibaya angekutana naye shambani kesho yake.

Sura ya pili ni ya siku hizi. Tangu mwaka 2010 serikali ya China ina mpango wa kuwasomesha bure vijana kwa ajili ya zahanati na hospitali za vijijini, hasa katika mikoa ya kati na ya magharibi. Mwanafunzi, awe wa tiba ya kisasa au ya tiba ya Kichina, husamehewa ada na malazi na kupewa posho, naye hutia sahihi mkataba wa kurudi kufanya kazi katika eneo alilotoka kwa muda usiopungua miaka sita. Akivunja mkataba hurudisha fedha pamoja na faini. Mbali na mpango huo, kila likizo ya kiangazi wanafunzi wa vyuo vya China, wa tiba wakiwemo, hupangwa katika makundi ya kwenda vijijini kwa siku chache kupima shinikizo la damu, kuchoma sindano na kutoa elimu, desturi iliyoanza katikati ya miaka ya 1990.

Kati ya hayo mawili, mkataba wa miaka sita unanivutia zaidi, ingawa ndio mzito. Unasema wazi nani anatoa nini. Kijana anajua bei ya elimu yake, na kijiji kinajua kwamba anayekuja hatapiga picha na kuondoka. Kasoro yake ni kwamba anayetia sahihi ana umri wa miaka kumi na minane hivi na mara nyingi anatoka katika familia isiyo na njia nyingine, kwa hiyo hiari yake ni ya mashaka. Safari za kiangazi zinanikumbusha ile meza yetu ya bustanini. Siku chache kijijini humfundisha mwanafunzi kwamba kijiji kipo, jambo ambalo kijiji kilikuwa kinalijua.

Sasa nirudi California, kwa sababu si saa zangu zote zilikuwa za vipeperushi. Sehemu moja ilikuwa kituo cha wazee wa Kichina, wengi wao wazungumzaji wa Kikantoni waliofika Marekani wakiwa watu wazima. Tulitakiwa kuwafundisha kuhusu lishe kwa mujibu wa tiba ya Kichina. Ni vigumu kueleza kwa upole jinsi wazo hilo lilivyokuwa la kuchekesha. Bibi mmoja alisikiliza maelezo yangu kuhusu supu ya kuimarisha wengu, tuliyokuwa tumeikariri kutoka kwenye madaftari, kisha akaniambia kupitia mkalimani kwamba viazi vikuu vyangu vimezidi, ganda la chungwa limepungua, na kwamba hata hivyo supu hiyo hainywewi majira yale. Akaandika vipimo vyake kwenye karatasi. Kuanzia wiki iliyofuata tuligeuza mpango: wao wakawa wanafundisha, sisi tukawa tunakata mboga, na kazi yetu ya kitabibu ikabaki kusoma orodha za dawa zao za hospitalini na kuwaonyesha mtishamba gani usichanganywe na dawa ipi. Hapo tulikuwa na jambo la kutoa. Wazee kadhaa walikuwa wakitumia wafarini ya kuzuia damu kuganda huku wakipika supu zenye danggui, mzizi unaojulikana kuongeza nguvu ya dawa hiyo, na hakuna daktari aliyewauliza wanakula nini.

Sehemu nyingine ilikuwa kituo cha watu wanaoacha unga. Tulikwenda na msimamizi mwenye leseni, tukapanga viti kwa duara, tukachoma masikio. Hapo nilikuwa na jambo moja ambalo wenzangu hawakuwa nalo: nimekua mtaani ambako mateja wapo, nimewaona ndugu wa marafiki zangu wakigaagaa kwa arosto, na Zanzibar kila mtu anajua soba hausi, nyumba ya wanaoacha unga, ni nini. Sikuhitaji kuelezwa kwa nini mtu anatetemeka huku anatokwa jasho na kupiga miayo. Lakini kutambua si kutibu, na swali lililoulizwa pale tangu mara ya kwanza halikuwemo katika daftari lolote. Mtu mmoja mzima, sauti yake haina hasira, aliniuliza, "Kijana, hivi vitu vitanitoa kwenye unga, au vinanipumzisha tu?"

Jibu la kweli linataka kujua utafiti. Mwaka 2002 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha jaribio lililofanywa katika vituo kadhaa na kuhusisha watu 620 wenye uraibu wa kokeini, na sindano za masikioni hazikuonekana kuwa bora kuliko sindano za sehemu zisizohusika wala kuliko video za kupumzisha mwili. Huo ni utafiti wa kokeini, si wa heroini, lakini mtu mwaminifu hawezi kuuficha chini ya zulia. Kwa hiyo jibu nililojifunza kulitoa, nikisaidiwa na msimamizi wetu, lilikuwa kwamba sindano zinaweza kumpa dakika arubaini za utulivu, kwamba wengi husema wanalala vizuri zaidi usiku wake, na kwamba kama kituo kinampa dawa basi asiiache kwa ajili ya sindano zetu. Alikubali, akakaa kwenye kiti. Wengine waliposikia jibu lile walikataa, wakatoka kuvuta sigara. Katika kliniki ya shule sikuwahi kukataliwa, na kukataliwa kulinifundisha kuzungumza kwa kipimo.

Hapo pia ndipo nilipoona msimamizi akiacha sindano na kuchukua simu. Mmoja wa waliokuja alikuwa na mkono uliovimba na kuwa mwekundu mahali alipokuwa akijidunga, na paji lake la uso lilikuwa la moto. Katika mtihani wetu joto na wekundu ni sumu ya joto, na zipo dawa nzuri za mitishamba zenye majina mazuri. Msimamizi hakutaja hata moja. Alimtoa kwenye duara, akamwita msimamizi wa kituo, na mtu yule akapelekwa hospitali kabla kipindi hakijaisha. Darasani tulifundishwa orodha ya dalili za hatari na niliijibu kwa usahihi katika karatasi. Sikuwa nimewahi kuiona ikitumika kwa mtu ambaye hakuwa na bima, hakutaka kwenda hospitali kwa sababu alishawahi kudharauliwa huko, na alihitaji kubembelezwa kwa sauti ya chini hadi akubali.

Nikirudi kwa malalamiko ya wanafunzi wenzangu, naona suluhisho limo ndani ya kanuni zenyewe. Ikiwa asilimia 75 ya saa za kliniki lazima ziwe katika kliniki ya shule, basi robo iliyobaki, zaidi kidogo ya saa 237, inaweza kufanyika kwingine. Huduma kwa jamii ingewekwa hapo, ndani ya saa 950 na si juu yake, ikiwa na msimamizi mwenye leseni, ikiwa na mgonjwa halisi, na ikiwa imelipiwa tayari na ada ambayo mwanafunzi ameshaitoa. Jumamosi zingerudi kwa wenyewe. Najua kwa nini shule nyingi hazifanyi hivyo: msimamizi wa nje lazima alipwe, na kituo cha uraibu hakilipi chochote, wakati kliniki ya shule humwingizia mwenye shule ada ya kila mgonjwa. Ni sababu ya fedha, na ingekuwa afadhali itajwe hivyo kuliko kufunikwa kwa maneno kuhusu moyo wa kujitolea.

Iwapo shule ingenisikiliza ningeomba mambo mawili zaidi. La kwanza ni kwamba mwanafunzi abaki mahali pamoja kwa muhula mzima, badala ya kuruka kutoka maonyesho hadi maonyesho akikusanya saa. Wale wazee wa Kikantoni wasingenisahihisha kwa upole ule kama ningekuja mara moja, na yule mtu wa duara asingeniuliza swali lake mbele ya watu kama hangejua kwamba wiki ijayo nitakuwepo kujibu tena. La pili ni fomu. Fomu tuliyoitumia iliuliza tarehe, idadi ya saa na sahihi ya mwalimu. Ningependa isainiwe na kituo, na iwe na swali moja tu: mngempokea tena mwanafunzi huyu? Vituo vingine vitajibu hapana, na shule itabidi ikubali jibu hilo na kumpeleka mwanafunzi wake mahali pengine akaanze upya, hata kama saa zake zimetimia.